Shule imemkataa mbwa wa huduma wa mwanangu mwenye kifafa: ni nani anayepaswa kumsimamia darasani?

Mama wa Darasa la Tatu

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Ninaishi Marekani pamoja na familia yangu, na mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka 8 anasoma darasa la tatu katika shule ya serikali. Ana kifafa ambacho dawa zimekipunguza makali lakini hazijakiondoa, hivyo huweza kuanguka wakati wowote, awe darasani, kwenye ngazi au msalani. Kupitia shirika linalofunza mbwa wa huduma tulipewa mbwa jike ambaye, mtoto akianguka, huenda kubonyeza kwa pua kitufe kikubwa cha kengele kilichobandikwa chini ukutani. Halafu hurudi na kulala akiwa amemwegemea ili asibingirike na kujigonga. Na mtu mzima akifika, huleta mfuko mdogo wenye dawa ya dharura. Nyumbani anayafanya hayo yote bila kuhimizwa.

Nilimwandikia mkuu wa shule kumjulisha kwamba mbwa ataanza kwenda na mtoto, nikajibiwa kwa barua yenye hoja nne. Kwanza, mwanangu tayari ana msaidizi mtu mzima anayekaa naye darasani, na kwa hiyo, kwa maneno ya barua, mbwa huyo ni wa faraja tu. Pili, kuna mwanafunzi mwenye mzio wa manyoya ya wanyama katika darasa hilohilo. Tatu, wanataka cheti cha mafunzo pamoja na bima ya kulipia madhara yoyote. Nne, hata kama hayo matatu yatatimizwa, ni lazima mimi mwenyewe nilete na kumlipa mtu wa kumsimamia mbwa kutwa nzima, kwa kuwa mtoto wa miaka 8 hawezi na watumishi wa shule hawahusiki.

Sina nia ya kugombana na walimu ambao mwanangu atakuwa mikononi mwao mwaka mzima. Ninachotaka kujua ni hoja ipi kati ya hizo ina msingi, na niende kwenye kikao nikiwa na jambo gani mkononi. Waliowahi kupitia haya, au wanaoijua sheria, naomba msaada wenu.

Mshauri wa Wazazi

Mama, salaam, na pole kwa barua hiyo. Nimekuwa nikiwasaidia wazazi wa watoto wenye ulemavu kusoma barua za namna hii, nami ningekuomba usizipe hoja zote nne uzito mmoja. Tatu za kwanza zina majibu mafupi. Ya nne ndiyo iliyobeba shauri lote, na bahati mbaya ndiyo ambayo wazazi wengi huifikia wakiwa wamekwisha kuchoka kwa kubishania zile nyingine.

Nianze na suala la faraja. Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 1990, na kanuni zake zilizoanza kutumika Machi 2011 zinamweleza mnyama wa huduma kuwa ni mbwa aliyefunzwa kufanya kazi au tendo mahsusi linalohusiana na ulemavu wa mtu anayemhudumia. (Kuna kanuni ya pekee kuhusu farasi wa umbo dogo, wale ambao kimo chao begani ni kati ya sentimita 60 na 86 hivi, nawaacha, ingawa ningependa kumwona mmoja wao akipanda basi la shule.) Mbwa ambaye kuwapo kwake tu kunamtuliza mtu, bila tendo lolote alilofunzwa, hayumo katika maana hiyo, na hapo shule ingekuwa na haki ya kumkataa. Wako anabonyeza kengele na kuleta dawa. Hilo ni tendo, tena ni tendo linaloelezeka kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ndiyo unayopaswa kuiandika.

Pale ambapo kazi ya mbwa haionekani waziwazi, shule inaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na je, amefunzwa kufanya kazi gani? Hairuhusiwi kudai cheti, wala kumtaka mbwa aonyeshe kazi yake mbele ya watu, wala kutoza ada. Vyeti vinavyouzwa kwenye intaneti havina nguvu yoyote kisheria, kwa hiyo usipoteze hata senti moja kuvinunua. Chanjo ni jambo jingine kabisa: ikiwa sheria ya mahali mnapoishi inataka kila mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa na kusajiliwa, wako naye yumo. Na ikiwa mbwa amezoea kujisaidia ndani, au amekuwa mkorofi na hakuna anayeweza kumdhibiti, shule inaweza kumtoa, na hapo sheria haitakuwa upande wako.

Kuhusu mzio, Wizara ya Sheria ya Marekani imekwisha kueleza kwamba mzio na hofu ya mbwa si sababu za kumzuia mtu mwenye mbwa wa huduma. Watoto wote wawili wana haki ya kuhudumiwa, na mara nyingi jawabu ni kuwakalisha pande tofauti za chumba au kumhamishia mmoja wao darasa jingine la kiwango kilekile. Usiidharau hoja hii katika kikao, maana nyuma yake yuko mtoto mgonjwa na mzazi kama wewe. Ila usikubali itumike kama mlango wa kufungia mjadala.

Hoja kwamba msaidizi mtu mzima anatosha ina historia yake. Mwaka 2009 huko Michigan shule ilimkataa mbwa aliyeitwa Wonder, wa mtoto Ehlena Fry mwenye ulemavu mkubwa wa viungo uliotokana na athari kwenye ubongo, kwa maelezo kwamba mpango wake wa elimu tayari ulimpa mtu wa kumsaidia. Mbwa yule alikuwa akimwokotea vitu vilivyoanguka, akimfungulia milango, akimsaidia kuvua koti na kuhama kutoka kwenye kiti kwenda chooni. Wazazi walilalamika kwenye ofisi ya haki za kiraia ya Wizara ya Elimu, na mwaka 2012 ofisi hiyo ikaona kwamba shule ilikiuka haki za mtoto. Mfano iliyoutoa ni mkali: kumwambia mtoto huyu kwamba msaidizi anatosha ni sawa na kumtaka mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu abebwe na watu badala ya kutumia kiti chake.

Wazazi hao baadaye walikwenda mahakamani, na watu wengi husema kwamba katika kesi hiyo Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru mbwa waruhusiwe shuleni. Sivyo. Uamuzi wa tarehe 22 Februari 2017 ulihusu njia ya kufika mahakamani, yaani kama ni lazima mzazi apitie kwanza taratibu ndefu za sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu. Mahakama ilisema itazamwe kiini cha malalamiko, na ikatoa vipimo viwili: je, mtoto angeweza kulalamika hivyohivyo dhidi ya maktaba au ukumbi wa maonyesho, na je, mtu mzima, kwa mfano mgeni wa shule, angeweza kulalamika hivyohivyo? Ikiwa jibu ni ndiyo, basi huenda lalamiko linahusu ubaguzi wala si ubora wa elimu, na njia ile ndefu si ya lazima. Mwaka 2023, katika kesi ya mwanafunzi kiziwi, pia ya Michigan, Mahakama hiyohiyo iliongeza kwamba anayedai fidia ya fedha ambayo sheria ya elimu haiwezi kumpa hahitaji kuimaliza njia hiyo kwanza. Ninakueleza haya si ili uende mahakamani, bali ili usikubali kuambiwa kikaoni kwamba huna pa kwenda mpaka umalize fomu zao.

Sasa hoja ya nne. Kanuni zinasema wazi kwamba shule haina wajibu wa kumtunza wala kumsimamia mnyama wa huduma. Msimamizi kwa kawaida ni yule anayehudumiwa, naye ni mtoto wako. Mahakama zimeliangalia hili kwa macho tofauti. Mwaka 2015 mahakama ya shirikisho huko Florida ilisikiliza kesi ya mtoto mdogo mwenye kifafa na ulemavu wa viungo, ambaye mbwa wake alifungwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Ilisema kwamba kudai bima ni kumtwisha mzazi gharama isiyoruhusiwa, kwamba mtoto mwenyewe alikuwa msimamizi kwa kuwa mbwa alikuwa amefungwa kwenye kiti chake, na kwamba mtumishi kumsindikiza mtoto anapomtoa mbwa nje kukojoa ni kumsaidia mtoto, wala si kumtunza mbwa. Mwaka huohuo mahakama ya New Hampshire haikukubali kuilazimisha shule itoe mtumishi wa kuwa msimamizi wa mbwa wa mtoto ambaye hakuweza kumwongoza mwenyewe.

Ukizisoma kesi hizo mbili pamoja, utaona kwamba umri wa mtoto haukuwa ndio mwamuzi. Kilichoamua ni kiasi gani cha kazi kilichokuwa kinaombwa kwa mtu mzima, na kama kazi hiyo ilikuwa ya kumsaidia mtoto au ya kumwongoza mbwa. Kwa hiyo, kabla ya kikao, kaa na karatasi uandike siku nzima ya shule kipindi kwa kipindi, na mbele ya kila kipindi uandike ni nini hasa mtu mzima atatakiwa kufanya. Neno "kusimamia kutwa nzima" linatisha likiwa zima. Likivunjwavunjwa, mara nyingi hubaki dakika chache.

Baba wa Watatu

Mama, Mungu amjalie mwanao afya. Ninaandika kama mzazi wa upande wa pili, na naomba nisieleweke kwamba ninataka mbwa akataliwe. Binti yangu aliwahi kung'atwa na mbwa, na tangu hapo akimwona hata wa mbali anatetemeka na kulia. Isitoshe, sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwetu mate ya mbwa yakigusa mwili au nguo, mahali hapo ni lazima paoshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kabla ya kuswali. Katika shule yetu aliletwa mbwa wa mwanafunzi mmoja bila mzazi yeyote kuambiwa lolote, na sisi tulijulishwa na watoto wenyewe jioni. Mshauri amesema hofu si sababu ya kuzuia, nami nimemwelewa. Swali langu ni hili: mtoto wa namna hii anapewa nini, zaidi ya kuambiwa avumilie?

Mkufunzi wa Mbwa

Ninafanya kazi ya kuwafunza mbwa wa huduma, na nina jambo moja la kiufundi la kuongeza kwenye maelezo mazuri ya Mshauri, kwa sababu ninahofia kwamba kikao kinaweza kufikia makubaliano mazuri kwenye karatasi ambayo yatamfanya mbwa ashindwe kazi yake.

Shule nyingi zikishaafikiana na mzazi hudai mbwa awe amefungwa kamba muda wote, na mara nyingi hutaka afungwe kwenye kiuno cha mtoto au kwenye mguu wa dawati. Kwa mbwa wa mtoto mwenye usonji anayependa kutoroka, hiyo ndiyo kazi yenyewe: mtoto huvaa mkanda uliounganishwa na mbwa, mtu mzima hushika kamba ya pili, na mtoto akichomoka ghafla mbwa hukaza miguu au kulala chini ili asifike barabarani. Mbwa wa namna hiyo hawezi kufanya kazi bila mtu mzima, na mzazi wake akubali hivyo mapema. Mbwa wako, Mama, ni kinyume chake. Akifungwa kiunoni mwa mtoto, siku mtoto atakapoanguka mbwa hataifikia kengele, na tena kamba inaweza kumzunguka mtoto mwili ukiwa unatikisika. Kanuni zimeliona hilo: mbwa anapaswa kuwa na kamba au mkanda, isipokuwa pale ambapo kamba inazuia kazi yake, na hapo adhibitiwe kwa sauti, kwa ishara au kwa njia nyingine inayofaa.

Hapo ndipo ugumu wenu ulipo. Mtoto aliyeanguka kifafa hawezi kumdhibiti mbwa kwa sauti. Kwa hiyo katika dakika zile chache, na hizo tu, ni lazima awepo mtu mzima ambaye mbwa atamtii akimwambia alale au asogee ili mhudumu apate nafasi. Yule msaidizi aliyetajwa katika barua yupo pale tayari, na angekuwepo hata kama pasingekuwa na mbwa. Kumfundisha amri mbili hakuhitaji mafunzo marefu, na shirika lililowapa mbwa kwa kawaida huwa tayari kutuma mkufunzi shuleni kufanya zoezi hilo mahali penyewe. Omba zoezi lifanyike darasani, bwaloni na kwenye korido yenye kelele, siku ambayo watoto hawapo na siku nyingine wakiwapo, kwa sababu mbwa anayebonyeza kengele ya sebuleni hajui bado kwamba kitufe cha ukuta wa shule ni kilekile. Tena vitufe viwe zaidi ya kimoja, kwa kuwa kimoja kilichopo darasani hakimsaidii mtoto aliyeanguka msalani.

Jambo jingine ni kutoahidi kisichokuwepo. Kumfunza mbwa achukue hatua baada ya mtoto kuanguka kunawezekana kabisa. Kumfunza atabiri kwamba mtoto ataanguka ni habari nyingine. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rennes huko Ufaransa walichapisha jaribio ambalo mbwa watano waliweza kutofautisha harufu ya mtu wakati wa kifafa na harufu yake ya nyakati nyingine, na wapo mbwa ambao huanza wenyewe kuonya baada ya kuishi na mgonjwa kwa muda. Lakini kutambua harufu iliyowekwa kwenye kopo hakujawa sawa na kuonya darasani kwenye kelele za watoto 25. Ukiiambia shule kwamba mbwa anatabiri, na asitabiri mara ya kwanza, watasema hana kazi. Iambie anabonyeza kengele.

Mwisho, mbwa naye huchoka. Akianza kupiga miayo mfululizo, kulamba midomo bila chakula na kugeuza kichwa kila anapoguswa, anaomba kupumzika. Awe na mkeka wake mahali pasipopitwa na watu, maji, na nafasi ya kutoka nje katikati ya asubuhi na baada ya chakula cha mchana. Hizo ndizo dakika ambazo Mshauri alisema mziandike, na mtoto wa miaka 8 anaweza kumtoa mbwa mwenyewe akisindikizwa.

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha elimu maalumu kwa muda mrefu, na ningependa kumjibu Baba wa Watatu kwanza, kwa sababu swali lake ndilo ambalo shule hulikwepa.

Baba, kosa la shule yenu halikuwa kumruhusu mbwa, bali kutowaambia. Si lazima shule itaje ugonjwa wa mtoto, na kwa kweli haipaswi kuutaja bila idhini ya wazazi wake, lakini inaweza kuwaandikia wazazi wote kwamba mbwa wa huduma ataanza kuingia darasani na kuwaomba wenye watoto wenye mzio, hofu au sababu za kidini wajitokeze kabla ya siku hiyo. Mtoto anayeogopa apangiwe kiti kilicho mbali na mkeka wa mbwa na karibu na mlango, ili ajue kwamba anaweza kutoka. Aonyeshwe mahali mbwa atakapolala kabla ya kumwona mbwa mwenyewe. Asilazimishwe kumshika hata kidogo, na watu wazima waache kumwambia kwamba mbwa huyu hang'ati. Kanuni ya darasa ni kwamba hakuna mtoto yeyote anayemgusa mbwa akiwa kazini, wala kumwita, wala kumrushia chakula, na kanuni hiyo inamlinda binti yako kuliko mtu yeyote. Nimeona mara nyingi watoto wenye hofu wakitulia walipotambua kwamba mnyama huyu hatawafuata, tofauti na yule wa mtaani. Wengine hawakutulia, na hao tuliwahamisha darasa kwa ridhaa ya wazazi.

Kuhusu dini, mbwa wa huduma aliyefunzwa halambi watu, na akiwa kwenye mkeka wake chini ya dawati la mtoto mwingine mate yake hayamfikii mtu. Ikitokea yamefika, binti yako apewe nafasi ya kujisafisha na kubadili nguo bila kuulizwa maswali, na chumba anachoswalia kisiwe njia ya mbwa. Hayo ni maombi madogo ambayo shule yoyote inaweza kuyatimiza. Inafaa pia kukumbuka kwamba wanazuoni hawana kauli moja katika suala hili: wafuasi wa madhehebu ya Maliki humhesabu mbwa kuwa twahara, yaani si najisi. Na hata pale ambapo kauli ni kali, dharura ya mwenye ulemavu imezingatiwa. Mwaka 2008 Baraza la Sheria ya Kiislamu la Uingereza lilitoa fatwa iliyomruhusu mwanafunzi Mwislamu asiyeona kuingia na mbwa wake katika msikiti mmoja wa jiji la Leicester, ambako mbwa alitengewa mahali pa kupumzikia karibu na mlango wakati mwenyewe akiswali. Yaliyowezekana msikitini hayashindikani darasani.

Kwako Mama, sina la kuongeza kwenye sheria. Nina shaka moja tu ya kialimu, na nitaisema waziwazi. Mbwa huwavuta watoto kama sumaku, na mara nyingine mtoto mwenye kifafa aliyekuwa hana rafiki hujikuta na marafiki ambao kwa kweli ni marafiki wa mbwa. Siku mbwa akiugua na kubaki nyumbani, wanatawanyika. Mwombe mwalimu amwache mwanao mwenyewe awaeleze wenzake kazi ya mbwa, kama anapenda. Darasa langu moja lilielezwa na mtoto wa miaka 9 kwa maneno machache sana, "mimi nikianguka, yeye anaita, ninyi mnasogeza viti," na tangu siku ile watoto walijua kusogeza viti kuliko baadhi ya watu wazima.

Asiyeona

Naongeza kidogo kwa ajili ya wazazi wa watoto wasioona wanaosoma mjadala huu, maana nao huuliza kwa nini mtoto wao asipewe mbwa akiwa na miaka 8. Mimi ni mtu mzima asiyeona na ninatumia mbwa wa kuniongoza. Vyuo vingi vya mbwa hawa havimpokei mtu aliye chini ya miaka 16, ingawa vipo vichache, kama taasisi ya MIRA ya Quebec nchini Kanada, inayowapa hata watoto wa kuanzia miaka 11. Sababu ni kwamba mbwa hajui njia. Anajua kukwepa nguzo, kusimama penye ngazi na kukataa kuvuka gari linapokuja, lakini ni mimi ninayejua kwamba maabara iko baada ya milango mitatu mkono wa kushoto. Mtoto ambaye bado hajajifunza kutembea peke yake kwa fimbo nyeupe atampoteza mbwa, na wote wawili watazunguka uani. Aanze na fimbo. Mbwa atakuja baadaye, na atamkuta mtu wa kumwongoza.

Mama wa Darasa la Tatu

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote, na Baba wa Watatu nakushukuru zaidi kwa kusema lililo moyoni mwako bila ukali. Nitamwomba mkuu wa shule awaandikie wazazi wote kabla mbwa hajaanza, jambo ambalo sikulifikiria.

Nimefanya kama mlivyonishauri na kuandika siku nzima kipindi kwa kipindi. Kilichobaki kwa mtu mzima ni kumsindikiza mtoto mara mbili anapomtoa mbwa nje, kuzijua amri mbili, na kumwekea mbwa maji. Kwenye mazoezi ya dharura ya moto mbwa anatoka na mtoto kama kawaida, na kwenye kipindi cha kuogelea anabaki kwenye mkeka pembeni ya bwawa. Limenibakia jambo moja ambalo sina jibu lake. Kifafa kikizidi dakika tano, mpango wa matibabu unasema gari la wagonjwa liitwe. Mbwa ataenda na nani?

Mkufunzi wa Mbwa

Swali hilo liandike katika mpango wenyewe, Mama, kwa sababu wahudumu wa gari la wagonjwa wataamua papo hapo kama kuna nafasi ya mbwa, na mara nyingi wakiwa wengi ndani ya gari hakuna. Taja mtu mmoja kwa cheo chake, na wa pili wa akiba, atakayeishika kamba mara tu wahudumu watakapoingia mlangoni, kwa kuwa mbwa aliyefunzwa kumwegemea mtoto anaweza kukataa kuondoka. Ampeleke ofisini, ampe maji, na akupigie simu. Weka pale ofisini kamba ya akiba na nguo ambayo mtoto ameivaa, isiyofuliwa, ambayo mbwa atalalia akitulia mpaka uje kumchukua. Na mkufunzi atakapokuja shuleni kwa zoezi, mwombe alifanye hilo nalo: mtu mmoja ajifanye mhudumu aliyevaa sare na kubeba machela, na yule aliyetajwa katika mpango amwite mbwa kutoka ubavuni mwa mtoto.